Kidonda cha sukari: asali, shubiri na taa nyekundu

Ukiuguza mtu mwenye kidonda cha sukari hapa Lamu, dawa utaletewa hadi mlangoni. Jirani ana jani la shubiri, shangazi ana manjano, binamu kaona kwenye simu taa nyekundu inayoponya vidonda. Mimi namuuguza baba, kidonda kiko chini ya kidole gumba cha mguu.

Manjano nimeyakataa. Si kwamba hayana nguvu, watafiti wanayachunguza kweli. Lakini yakishapakwa, kidonda chote huwa cha njano, na muuguzi akikifungua hatofautishi tena usaha na dawa, wala haoni wekundu unaopanda. Shubiri ipake kwenye ngozi iliyobabuka kidogo. Kwenye kidonda kirefu, jani la uani huingia na vijidudu vyake.

Asali ndiyo yenye hoja. Ina maji machache, ina uchachu, tena hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, kwa hiyo bakteria hawastawi humo. Ila ile ya hospitali imepigwa miale ya gama kuua vijidudu vilivyojificha. Ya chupa ya sokoni, iacheni kwa chai.

Ziko pia bandeji za alijineti, zinazotokana na mwani wa kahawia (si ule unaolimwa pwani yetu). Hunyonya majimaji zikawa ute, basi hazigandi kwenye nyama mpya. Kidonda kinachovuja zinakifaa, kikavu hapana.

Kuhusu taa: mwaka 1967 daktari Endre Mester wa Hungaria alimulika leza panya walionyolewa, manyoya yakaota upesi. Leo hutumika mwanga mwekundu na ule usioonekana unaofuatia, na inadhaniwa huzipa seli nguvu kupitia mitokondria, vile vijisehemu vya ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu. Matokeo kwa vidonda vya sukari yanatia moyo, lakini majaribio mengi ni madogo na vipimo vya mwanga havilingani. Ni nyongeza, si badala ya matibabu. Na tafadhali, kuanika mguu juani barazani siyo tiba hiyo, wala kuukaribisha kwenye jiko la makaa. Mguu uliokufa ganzi huungua mwenyewe asijue.

Kilichombadilisha baba ni kutokukikanyaga kidonda. Ganzi humfanya mtu atembee kana kwamba hana kitu, na kila hatua inaponda nyama iliyoanza kuota. Mzee wa Lamu kumwambia asitembee ni kazi! Msikitini sasa anakwenda kwa punda, na makubadhi yake yamepumzishwa. Kliniki walimpa kiatu kisichogusa pale mbele. Sukari inapimwa, dawa hakosi, nyama iliyokufa hukatwa na muuguzi, si kwa wembe wa nyumbani. Muulizeni daktari pia kama damu inafika vidoleni, maana isipofika, bandeji yoyote ni bure.

Ukiona harufu mbaya, weusi, wekundu unaopanda au homa, ni hospitali siku hiyo hiyo. Walioko Faza au Pate, tafuteni boti, msingoje ile ya kesho.