Kwa mwalimu mkuu mpya wa shule ndogo kijijini

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa kuteuliwa. Kabla hujapanga lolote, chukua kalamu upige hesabu.

Hapa Tanzania, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 4,000 ni za vitabu, hazipiti mikononi mwako. Ukiwa na watoto 180, unabaki na 1,080,000, yaani 90,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za majaribio, kitasa kilichovunjika na nauli ya kwenda halmashauri. Shule yenye watoto 900 hupata mara tano yako, lakini mvua ikinyesha paa lako halivuji kidogo kuliko la kwao.

Mwaka wangu wa kwanza nilipeleka takwimu za zamani. Watoto 23 waliohamia hawakuhesabiwa, tukakosa shilingi 138,000, uendeshaji wa mwezi mmoja na nusu. Pita madarasani mwenyewe, rejesta mkononi. Wala usiongeze jina hewa hata moja.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, wazazi wengi walielewa kwamba hata uji ni wa serikali. Usigombane nao. Bandika mapato na matumizi ubaoni, kisha itisha mkutano baada ya mavuno, si wakati wa palizi. Kwetu walileta mahindi; asiye nayo alileta kuni, na asiyeleta kitu mtoto wake alikunywa uji na wenzake. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango.

Sasa taaluma. Kosa lililonigharimu zaidi halikuhusu fedha: miaka mitatu nilimweka mwalimu wangu hodari darasa la saba. Ukiwa na watahiniwa 16, mtoto mmoja ni zaidi ya asilimia 6 ya ufaulu wako, kwa hiyo unashawishika kuwakimbiza hao tu. Lakini walikuwa wakinifikia hawajui kusoma, na masomo ya jioni hayazibi pengo la miaka sita. Nikamhamishia darasa la kwanza. Alinuna, alidhani nimemshusha. Nilimweleza mbele ya wenzake kwamba shule nzima inaanzia kwake.

Mimi nilichukua Ijumaa darasa la pili, mtoto mmoja mmoja anasoma aya moja, dakika mbili. Aliyekwama nilimwandika, na Jumatatu mwalimu wake alijua aanze na nani.