Vitabu vya akiolojia: angalia mwaka wa toleo la kwanza, kisha visome viwili viwili

Mkuu, umeuliza mambo mawili: uanze na vitabu gani vya akiolojia na ustaarabu wa kale, na kwa nini vitabu viwili ulivyonavyo vinayapa magofu yaleyale umri tofauti. Naanza na la pili, kwa sababu ukilielewa hilo utajua mwenyewe kitabu cha kuchagua.

Fungua ukurasa wa taarifa za uchapishaji, utafute mwaka wa toleo la kwanza. Mwaka wa kuchapwa upya usikudanganye. Willard Libby na wenzake walitangaza mwaka 1949 upimaji wa umri kwa kaboni-14, yaani kaboni yenye mionzi inayopungua kwa kasi inayojulikana kiumbe kikishakufa. Kitabu kilichoandikwa kabla ya hapo kinakadiria umri kwa kulinganisha vyungu na kwa orodha za wafalme wa Misri na Mesopotamia. Vya miaka ya 1950 na 1960 vina vipimo vya kaboni, ila kwa kawaida havijasahihishwa kwa pete za miti, yaani kwa kupima mbao ambazo umri wake unajulikana kwa kuhesabu pete za ukuaji wake. Kiasi cha kaboni-14 hewani hakikuwa kilekile nyakati zote, ndiyo maana usahihisho unahitajika. Maabara huhesabu kurudi nyuma kuanzia 1950. Kwa hiyo kipimo cha miaka 4000, ukikitoa hivihivi, kinaangukia 2050 KK. Kikisahihishwa kinakwenda karibu 2500 KK. Pengo la karne nne na nusu linatosha kabisa kuvifanya vitabu vyako vigombane. Vitabu kadhaa vya Kiingereza vya miaka ya 1970 viliandika «bc» kwa herufi ndogo pale ambapo kipimo hakijasahihishwa, na «BC» kubwa pale kilipokwisha kusahihishwa. Usipoliona hilo utalinganisha tarehe zisizolingana.

Angalia pia ni kitu gani kilichopimwa. Mkaa wa kiini cha mti mkubwa unaweza kutoa umri uliozidi wa jengo kwa karne nzima au zaidi, kwa kuwa kiini kiliacha kukua zamani kabla mti haujakatwa. Mbegu au punje ya nafaka iliyoungua ni ushahidi bora, maana iliishi msimu mmoja tu. Gamba la kiumbe wa baharini huonekana la kale kwa karne kadhaa kuliko lilivyo, kwa sababu maji ya bahari yana kaboni iliyozeeka. Mwandishi makini hukutajia kilichopimwa na tabaka la udongo kilikotoka. Asiyetaja, tarehe zake zisome kwa tahadhari.

Sasa vitabu vyenyewe. Ushauri wangu ni kusoma kila kitabu maarufu cha zamani pamoja na kile kilichokuja kukirekebisha.

Gordon Childe aliandika *Man Makes Himself* mwaka 1936, na hadi leo hakuna aliyeeleza kwa ufasaha zaidi yake jinsi kilimo na miji vilivyogeuza maisha ya watu. Lakini aliamini kwamba mawazo makubwa yalisafiri kutoka Mashariki ya Kati kwenda Ulaya. Mfuatishie *Before Civilization* cha Colin Renfrew, 1973. Tarehe zilizosahihishwa zilionyesha kuwa baadhi ya makaburi ya mawe makubwa ya Ulaya Magharibi yalitangulia piramidi za Misri, na mnyororo mzima wa hoja ukakatika.

Jozi ninayoithamini kuliko zote ni ya Great Zimbabwe, magofu ya mawe yaliyoko nchini Zimbabwe. Theodore Bent, katika *The Ruined Cities of Mashonaland* (1892), alidai kuta zile zilijengwa na wageni kutoka nje ya Afrika. Akaja Richard Hall, aliyefanya kazi pale kuanzia 1902. Akiwa na imani hiyohiyo, aliondoa matabaka ya juu akiyaona ni takataka za wakazi wa baadaye. Madhara yake hayatengenezeki: tabaka likishaondolewa bila kuchorwa, uhusiano wa kigae na sakafu na ukuta umepotea milele. David Randall-MacIver alichimba 1905 akasema wazi kuwa kazi ni ya Waafrika na ni ya zama za kati. Gertrude Caton-Thompson alichimba 1929 mahali ambapo udongo ulikuwa bado haujavurugwa, na *The Zimbabwe Culture* (1931) kikathibitisha hivyo. Kisome Bent na Caton-Thompson kwa kufuatana, huku ukijiuliza kila hoja inasimama juu ya tabaka gani. Humalizi sura mbili kabla hujaona nani ana ushahidi na nani ana dhana tu.

Yeriko nayo ni vivyo hivyo. John Garstang, katika miaka ya 1930, alizihusisha kuta zilizoanguka na Yoshua. Kathleen Kenyon akaonyesha kuwa ni za kale kuliko zama za Yoshua kwa takriban miaka elfu moja. Angalizo: *Digging Up Jericho* kilitoka 1957, uchimbaji ukiwa bado unaendelea hadi 1958. Ripoti kamili zilifuata baadaye, nyingine baada ya kifo chake. Kitabu cha wasomaji wa kawaida mara nyingi hutangulia ripoti, kwa hiyo hitimisho lake huwa la muda.

Kwa maandishi ya kale, chukua *The Decipherment of Linear B* cha John Chadwick (1958), kuhusu mwandiko wa kale wa Krete na Ugiriki. Ni kifupi na kinakuonyesha hatua kwa hatua jinsi Michael Ventris, ambaye alikuwa msanifu majengo, alivyopanga alama katika jedwali hadi mwaka 1952 lugha ikatokea kuwa Kigiriki. Kisha *Breaking the Maya Code* cha Michael Coe (1992), kuhusu mwandiko wa Wamaya wa Amerika ya Kati, ambacho kinaeleza pia kwa nini kazi ya Yuri Knorozov, mtaalamu wa Kisovieti aliyefungua njia ya kuusoma, ilipingwa kwa miaka mingi.

*1177 B.C.* cha Eric Cline, kuhusu kuporomoka kwa dola za Zama za Shaba mashariki mwa Mediterania, nacho ni kizuri, ila mwaka huo ni alama tu, wa nane wa utawala wa Ramesses III, mfalme wa Misri. Kuporomoka kwenyewe kulichukua miongo. Tafuta toleo la 2021.

Kitabu cha C. W. Ceram kuhusu miungu, makaburi na wasomi ni cha kuamsha hamu. Kilitoka 1949, mwaka uleule wa Libby, kwa hiyo tarehe zake usizinukuu.

Ukiwa na fedha ya kitabu kimoja tu, nunua *Archaeology: Theories, Methods and Practice* cha Renfrew na Paul Bahn. Kilianza 1991 na kimerekebishwa mara nyingi. Toleo la zamani la bei nafuu linatosha kwa sura za matabaka na uchimbaji, lakini kwa upimaji wa umri na vinasaba vya kale tafuta la karibuni kadiri uwezavyo, maana humo ndimo mambo yalimobadilika zaidi.