Barua kwa mwanangu: kilo zimetoka, sasa zisirudi

Mwanangu,

Umeniuliza: umetoka kilo 92 hadi 78, unakula vilevile, mbona njaa imezidi na mizani imeanza kupanda? Na utaishi kwa kupimapima hivi mpaka lini? Nianze na njaa, maana ndiyo inayowarudisha wengi.

Mwili uliopungua unatumia kidogo na unadai zaidi. Mtafiti Kevin Hall wa Marekani na wenzake walikadiria mwaka 2016 kwamba kila kilo inayotoka hushusha matumizi ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, ilhali hamu ya kula hupanda kwa kama kalori 100. Zidisha kwa kilo zako 14 uone. Sahani iliyokuwa ikikupunguza ulipokuwa na kilo 88, leo inakutosha tu, na ukiongeza andazi umeshavuka. Kwa hiyo usijiite mlafi. Njaa hiyo ni ya kweli, na haiondoki kwa kuikemea.

Ipangie chakula kinachokaa tumboni. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kabichi. Robo iwe maharage, dagaa, samaki au mayai. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali. Anza kula mboga na kitoweo, ugali ufuate. Unga upime kabla ya kusonga, kwani ugali ukishaiva jicho linadanganya: gramu 100 za unga mkavu ni kalori kama 360, uwe mgumu au laini, maji hayaongezi kitu. Asubuhi usiondoke na chai tupu. Mayai mawili au bakuli la maharage yatakuvusha mpaka mchana bila kuwaza vitumbua vya njiani.

Mafuta ya kupikia ndiyo yanayojificha kuliko vyote. Lita moja ina kalori zaidi ya 8,000. Nyumba ya watu wanne inayomaliza lita kwa wiki, kila mmoja anakula karibu kalori 300 za mafuta kwa siku, mbali na chakula chenyewe. Acha kumimina kutoka kwenye chupa. Tumia kijiko cha chakula, viwili kwa sufuria ya mboga ya watu wanne, na kama kitunguu kinashika ongeza maji kidogo. Chai nayo: vijiko vitatu vidogo vya sukari katika kila kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni kalori karibu 150 kila siku. Shusha kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea.

Sasa mizani, maana hapa ndipo unapojitesa. Pima asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya chai, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu na si zulia. Namba ya siku moja haina maana. Ukila pilau na chumvi nyingi usiku, au hedhi ikikaribia, kilo moja au mbili za maji zinaweza kuingia na kutoka bila mafuta kuongezeka hata kidogo. Jumlisha siku saba, gawa kwa saba, andika wastani. Mstari wako ni kilo 80. Wastani ukikaa hapo au juu yake wiki mbili mfululizo, chukua hatua wiki hiyohiyo, usingoje Januari wala Ramadhani ipite: ugali au wali wa usiku upungue nusu, soda na juisi zikome, mafuta yarudi kwenye kijiko. Ukipunguza kalori 400 kwa siku, kilo 2 zinachukua wiki tano hadi sita. Ukingoja ziwe 8, ni nusu mwaka, na wengi hukata tamaa katikati. Kushinda njaa siku tatu ili ushushe haraka sikushauri kabisa. Siku ya nne utakula kwa hasira.

Mazoezi hayapunguzi sana, lakini yanalinda vizuri. Lenga dakika 200 hadi 300 kwa wiki: shuka daladala vituo viwili kabla, dakika 40 za mwendo wa haraka, siku sita. Mara mbili kwa wiki chuchumaa na kuinuka mara 12, seti tatu, na inua dumu la lita 10, kwa sababu sehemu ya kilo zilizotoka ilikuwa misuli. Kosa la kawaida ni kujizawadia: dakika 40 zile hazilipi hata chapati moja nene ya mafuta.

Watakuuliza, "Mbona umekonda, unaumwa?" Jibu "mzima kabisa", basi. Ukianza kujieleza watakupakulia. Siku ya shughuli usishinde na njaa. Kula mayai na matunda kabla ya kwenda, na upakue mwenyewe.

Kuna kupanda ambako si kwa chakula. Miguu ikivimba au pumzi ikikatika, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukihisi baridi na uchovu usioisha, waombe wapime tezi ya shingoni (thairoidi). Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo huwaongeza uzito baadhi ya wanawake. Ukitaka kubadili, ongea na muuguzi kwanza.

Kuhusu lini utaacha kupima: tangu 1994 kuna rejista Marekani ya watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka au zaidi. Wengi wao hupima uzito angalau mara moja kwa wiki, na waliovuka miaka miwili uwezekano wa kurudi unapungua sana. Kijiko cha mafuta na kupima unga unaweza kuviacha mkono ukishazoea, kama miezi sita hivi. Mizani ibaki.

Mama yako