Usipime kwa kilio, pima mama anaporudi
Umeuliza kama mtoto wa miezi 14 kwenye hadithi yako alie mama anapotoka, ili msomaji ajue hamwamini. Hapana. Umri huo hata anayemwamini mama kabisa hulia. Siri iko kwenye kurudi.

Katika jaribio la mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambapo mama hutoka chumbani kisha hurudi (vipande 8, vingi vya dakika 3 hivi, watoto wa miezi 12 hadi 18) kilichoangaliwa zaidi ni mtoto anavyompokea mama. Anayemwamini mama humfuata, hubembelezwa, hutulia, kisha huyoo, amerudi mchezoni. Mwingine hung'ang'ania huku akirusha mateke. Wa tatu hujifanya hamwoni, macho kwenye mwanasesere. Huyu ndiye waandishi humharibu: wanamwita mpole, kumbe moyo unamwenda mbio. Mwonyeshe akishika kitu bila kukichezea.

Usimtie mawazo ya mtu mzima kichwani. Mwandikie mwili, harufu, sauti ya mlango. Na tukio moja la mama kuchelewa halitoshi kuvunja imani. Andika mazoea: kilio kilekile kikijibiwa asubuhi, kikipuuzwa jioni, wiki baada ya wiki.