Jibu: Kidato cha Pili, wanafunzi 70, uelewa tofauti

Mwalimu, pole na kazi. Umeuliza ufanyeje na darasa la wanafunzi 70 ambapo wengine bado wanahesabia vidole na wengine wanamaliza zoezi kabla hujageuka kutoka ubaoni.

Usiandae masomo matatu, utachoka kabla ya Jumatano. Andaa swali moja lenye milango mingi. Kwenye kutafuta vigawo, mimi huandika x² + □x + 12, halafu nawaambia watafute namba kamili za kujaza kisanduku ili tupate mabano mawili, kama (x + 3)(x + 4). Anayesuasua ataanza na 3 na 4, zinazozidishwa kuwa 12, azijumlishe apate 7. Wa kati atafikisha 7, 8 na 13. Wale wakali waulize kwa nini hakuna chanya nyingine, kisha waingie kwenye hasi.

Ambao x inawatisha, wape vipande vya boksi: mraba mmoja wa x kwa x, vipande virefu 7 vya x kwa 1, viraba vidogo 12. Wapange mstatili usio na pengo. Pande zitatoka x + 3 na x + 4, wataona wenyewe. Angalizo: urefu wa x usiwe sawasawa na viraba vitano au sita, maana wataanza kuhesabu viraba badala ya kufikiri.

Mimi nilipowagawa kwa uwezo, nilikosea kuita makundi A, B na C. Wiki ya pili tu, C wakawa "vilaza". Siku hizi nachanganya upya kila mada. Aliyelemewa na aljebra unaweza kumkuta anang'ara kwenye jometri.