Maswali ya Wasomaji: Feni ya Nyumba Nzima kwa Nyumba za Kando ya Ziwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka huu mimi na mume wangu tumehamia katika nyumba yetu ya vyumba vitatu, yenye ukubwa wa mita za mraba 100 hivi, kuta za tofali za saruji, paa la bati na dari ya jipsamu. Ndani joto halituachii hadi usiku wa manane, ilhali nje kumekwisha kupoa zamani. Shemeji yangu anayeishi Marekani anatushauri tusinunue kiyoyozi, bali feni moja ya kupachikwa kwenye dari ya korido, ya kupoza nyumba nzima, na anasisitiza tuchukue iliyo kubwa kuliko zote. Je, itafaa huku kwetu, na tuchague ya ukubwa gani?
Msomaji, Buswelu, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, shemeji yako amepatia kuhusu aina ya feni, ila kuhusu ukubwa sikubaliani naye. Feni ya nyumba nzima haitengenezi baridi. Huvuta hewa ya nje kupitia madirisha yaliyofunguliwa, huipitisha vyumbani, kisha huisukuma juu ya dari ili itoke kupitia matundu ya paa, ikiondoka na joto la ndani pamoja na lile lililojikusanya chini ya bati. Kwa hiyo hufaa tu pale ambapo hewa ya nje imepoa kuliko ya ndani. Mwanza ipo zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hata katika miezi ya joto, mchana unapofika nyuzi 28 au 30, alfajiri hushuka hadi nyuzi 18 hivi. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wa feni hii. Mkazi wa Dar es Salaam, ambaye usiku wake wa Januari au Februari hubaki karibu na nyuzi 25, nisingemshauri hivyo.

Sasa ukubwa. Feni hupimwa kwa mita za ujazo za hewa inazosukuma kwa saa. Nyumba ya mita za mraba 100 yenye dari ya mita 3 ina hewa mita za ujazo 300, na feni ya 3,600 kwa saa huibadilisha yote kila baada ya dakika tano. Hiyo inatosha kabisa. Nyumba nyingi za Marekani ni za mbao, na mbao nyembamba hupoa upesi. Tofali la saruji hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa polepole, hivyo feni kubwa ya kuwashwa nusu saa itapoza hewa tu, na mkiizima kuta zitaipasha tena. Ninyi mnahitaji feni ya wastani, yenye mwendo zaidi ya mmoja, ambayo mtaiwasha kwa kasi mara nje kunapopoa, kisha mtaiacha izunguke polepole usiku kucha ili kuta zenyewe zipoe. Asubuhi, kabla jua halijachoma, mnaizima, mnafunga madirisha na kushusha mapazia, na kuta zilizopoa zitawafaa hadi alasiri. Saa ya kuwasha msiikisie. Wekeni kipimajoto kimoja ndani na kingine nje kivulini. Nyumba zilizobanwa na miamba, kama zile za Bugando au Mabatini, huchelewa kupata hewa baridi kwa sababu mawe nayo huwa yanatoa joto la mchana.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni njia ya hewa kutokea, na hapa ndipo ninapowasihi msitoe hata senti kabla fundi hajapanda darini. Paa nyingi tunazojenga siku hizi huzibwa pande zote kwa fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa) na dari ya nje, bila tundu hata moja. Ukipachika feni chini ya paa la namna hiyo, hewa itakosa pa kwenda, mota itahangaika, na vumbi la darini litarudi vyumbani kupitia kila ufa. Feni ya mita za ujazo 3,600 kwa saa inahitaji matundu yenye uwazi halisi unaozidi kidogo robo ya mita ya mraba. Ukiweka vibao vya kuzuia mvua na wavu wa kuzuia popo, ambao kwao dari ya Mwanza ni hoteli, toboa karibu nusu mita ya mraba, ukiigawanya pande zote za nyumba.

Upande wa kuingizia hewa nao una hila yake. Madirisha ya alumini ya kusukuma hufunguka nusu tu, na wavu wa mbu, ambao katika kanda yetu yenye malaria hauondoleki, hupunguza tena hewa inayopita. Fungueni basi dirisha katika kila chumba mnacholala na kuacha milango ya vyumba wazi; nondo za madirisha zikiwa imara, usalama hautapungua. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi hufuata mwanga, kwa hiyo usiku wanapovuma zimeni taa zilizo karibu na madirisha kabla ya kuwasha feni, la sivyo asubuhi mtakuta nyavu zimeziba. Kuhusu kelele, chagueni feni inayoning'inizwa kwa mikanda juu ya dari na kuunganishwa na korido kwa bomba linalopindika, kuliko ile inayofungwa moja kwa moja kwenye mbao za dari.

SWALI: Feni ya namna hii itamaliza yuniti ngapi za LUKU?
Msomaji, Nyakato

JIBU: Angalia wati zilizoandikwa kwenye mota. Feni ya wati 300 ikizunguka kwa muda wa saa nane kila usiku hutumia yuniti 2.4, yaani 72 kwa mwezi. Kwa mteja aliye katika kundi la bei nafuu, lenye kikomo cha yuniti 75, hesabu hiyo humbakizia yuniti 3 tu, na akiwasha jokofu atatoka nje ya kundi. Mota inayoshuka hadi wati 100 kwenye mwendo mdogo itakula yuniti 24 tu kwa saa zizo hizo. Kiyoyozi cha chumba kimoja huvuta wati 1,000 hivi kinapofanya kazi, na pangaboi wati 75 au chini ya hapo. Ikiwa unalala chumba kimoja tu, pangaboi na dirisha wazi vinakutosha.

SWALI: Tunapikia jiko la mkaa jikoni, ndani ya nyumba. Kuna hatari?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Ipo, na ni kubwa. Feni ikiwaka huku madirisha yamefungwa, itavuta hewa popote itakapoipata, na moshi wa jiko pamoja na gesi yake ya sumu isiyo na harufu utasambazwa hadi vyumba vya kulala. Toeni jiko nje kabla ya kuwasha feni, hata kama mkaa unaonekana umezimika, na madirisha yawe wazi kwanza.

SWALI: Nyumba yangu haina dari. Naweza kuitumia?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Si kwa namna hiyo, kwa kuwa hakuna mahali pa kuipachika. Ikiwa paa lako ni la mgongo wa tembo, weka feni ya kutoa hewa kwenye ukuta wa pembetatu, karibu na kilele, na ufungue madirisha ya upande wa pili wa nyumba.