Funga Nguo Kwanza: Niliyojifunza kwa Margarete Bieber

Wanafunzi wa akiolojia na historia ya sanaa wanaoniletea mapendekezo ya tasnifu zao huwa na tatizo moja linalojirudia: mada wanazochagua ni pana mno. Mmoja atataka kuandika juu ya sanaa yote ya Pwani, mwingine juu ya usanifu wa Waislamu katika Bahari ya Hindi, na wote wawili wamepewa mwaka mmoja tu wa kumaliza. Siku hizi sibishani nao. Ninawasimulia maisha ya Margarete Bieber, mwanaakiolojia wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1879 na kufariki mwaka 1978, ambaye kwa takriban miaka sabini alirudi tena na tena kwenye swali linaloonekana dogo: nguo ambayo haikukatwa wala kushonwa inakaaje mwilini mwa mtu, na mchongaji anapoihamishia kwenye jiwe anaielewa au anaikisia?

Alizaliwa Schönau, katika Prusia Magharibi, eneo ambalo leo ni sehemu ya Poland. Shule za wasichana za wakati ule hazikumwandaa mtu kwa chuo kikuu, kwa hiyo alilazimika kusoma masomo ya ziada mpaka akaufanya na kuufaulu mtihani wa kuhitimu sekondari mwaka 1901. Hata baada ya hapo, Prusia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati ule, haikuwaruhusu wanawake kusajiliwa kama wanafunzi kamili hadi mwaka 1908, na mwanamke aliyetaka kusoma aliingia darasani kama msikilizaji tu, kwa hisani ya mwalimu. Hivyo ndivyo alivyosoma Berlin, kisha Bonn, ambako mwaka 1907 alipata shahada ya uzamivu chini ya Georg Loeschcke. Ukizipanga tarehe hizo utaona kichekesho chake: alihitimu uzamivu mwaka mmoja kabla ya sheria kumtambua kuwa mwanafunzi.

Tasnifu yake haikuhusu "sanaa ya Ugiriki". Ilihusu mchongo mmoja unaoonyesha waigizaji, uliokuwa umehifadhiwa Dresden, mji wa Ujerumani. Hapo ndipo ninapowaambia wanafunzi wasimame kidogo watafakari, kwa sababu karibu kila alichokuja kukiandika baadaye kinatokana na mchongo huo. Mwigizaji hueleweka kwa mavazi yake. Mavazi ya jukwaani hayaeleweki mpaka uyajue mavazi ya kila siku. Na mavazi ya kila siku hayaeleweki mpaka ujue yalivyofungwa. Mada finyu ilimfungulia njia ambayo mada pana isingemfungulia. Mwaka 1909 Taasisi ya Akiolojia ya Ujerumani ilimpa ruzuku yake ya safari, na akawa mwanamke wa kwanza kuipata. Alipofika nchi za Mediterania alikuwa tayari anajua anachokitafuta katika kila sanamu.

Kazi iliyofuata ni ile ambayo vijana wengi huikimbia. Mwaka 1915 alichapisha katalogi ya sanamu na shaba za kale zilizokuwa Kassel, mji mwingine wa Ujerumani. Katalogi ni kazi ya kupima, kueleza, kutaja mahali palipovunjika na palipokarabatiwa, kisha kuhamia kipande kinachofuata na kuanza upya. Mimi nimekaa miaka kadhaa nikiorodhesha picha za zamani na vitambaa, na ninaweza kushuhudia kwamba kazi hiyo haimpi mtu sifa kwenye mikutano, lakini humpa jicho ambalo hakuna mhadhara unaoweza kulitoa. Anayeandika "nguo ndefu yenye mikunjo" kwenye kadi mia moja atafika mahali achoke na maneno yake mwenyewe, aanze kuuliza ni mikunjo ya namna gani, inaanzia wapi na inaishia wapi. Ukipewa nafasi ya kuorodhesha, hata kama malipo ni kiduchu, ichukue.

Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alimsaidia Loeschcke kufundisha Berlin. Loeschcke alipofariki mwaka 1915, mlango wa chuo ulifungwa tena, naye akaendelea kufundisha nyumbani kwake. Miongoni mwa waliokuja kumsikiliza ni Erwin Panofsky, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wanahistoria wa sanaa wanaosomwa sana duniani. Simsimulii mtu habari hii ili avumilie kunyimwa haki; haki ni ya kudai. Ninaisimulia kwa sababu watu wengi wakikosa nafasi rasmi huacha hata kufundisha, ilhali sebule, meza na picha chache zinatosha kuendesha semina ya maana.

Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Giessen kilimkubali kuwa mhadhiri mwenye haki kamili za kufundisha, jambo lililokuwa adimu mno kwa mwanamke wa Ujerumani, na miaka michache baadaye akapewa uprofesa. Giessen ndiko alikofanya jambo linalonivutia kuliko yote. Badala ya kukaa na vitabu vya wenzake wakibishana kuhusu mavazi ya Wagiriki wa kale, alichukua vitambaa, akawavisha watu walio hai, akawapiga picha, na mwaka 1928 akachapisha kitabu kuhusu mavazi hayo. Peplosi, vazi la sufu la wanawake, lilikuwa kitambaa cha pembe nne kilichokunjwa sehemu ya juu ili mkunjo ulale kifuani, kikazungushwa mwilini, kikabanwa kwa pini kwenye mabega mawili, na mara nyingi kikafungwa mshipi kiunoni. Kitoni, vazi jingine la Wagiriki, mara nyingi kilikuwa cha kitani chepesi, kipana zaidi, chenye vifungo kadhaa kuanzia begani kushuka mkononi. Hakuna fundi cherehani aliyehusika na umbo la mavazi haya. Umbo lilitokana na uzito wa kitambaa, mahali pa pini, mshipi na mwili wenyewe. Kwa hiyo mikunjo ya sanamu iliyochongwa vizuri ina sababu zake, na sababu hizo zinaweza kujaribiwa chumbani.

Msomaji wa kwetu hahitaji maelezo mengi kulielewa hilo, maana tumezungukwa na nguo za namna hiyo: lubega, kikoi, kanga. Niliwahi kushindwa kuamua mwanamke katika picha moja ya zamani ya Unguja amejifungaje kanga yake, kwa kuwa pindo la juu halikuonekana kabisa na la chini lilionekana kukatika upande wa kushoto. Nilimpelekea shangazi yangu nakala ya picha hiyo. Baada ya salamu aliitazama kidogo tu, akaingia ndani na kurudi na kanga mbili. "Simama hapa, mwanangu," akaniambia, na bila kueleza neno akanifunga ya kwanza chini ya kwapa, akakunja pindo la juu kwa ndani, akavuta ncha na kuisokota upande wa kushoto. Nilipojitazama kwenye kioo niliona pindo la chini limepanda upande ule ule, kama katika picha. Akanitazama na kusema, "Sasa kaandike." Haikuwa kasoro ya kitambaa wala ya kamera, ilikuwa ni ncha iliyovutwa juu. Katika kadi ya picha ile sasa kuna mstari mmoja unaoeleza namna ya kufunga, na mstari huo una thamani kuliko aya nzima niliyokuwa nimeiandaa kuhusu mitindo ya enzi hizo.

Mwaka 1933, Wanazi walipoingia madarakani, Bieber alifukuzwa Giessen kwa kuwa alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Aliondoka na binti yake wa kulea, akapokewa kwanza Oxford katika Chuo cha Somerville, na mwaka 1934 akaenda New York kufundisha katika Chuo cha Barnard, baadaye Chuo Kikuu cha Columbia, alikostaafu mwaka 1948. Wapo wanaopenda kuandika kwamba uhamisho "ulimfungulia ulimwengu". Sikubaliani nao. Alipoteza cheo alichokipigania kwa miaka mingi, pamoja na wanafunzi wake na taasisi aliyokuwa ameijenga, akaanza upya katika lugha nyingine akiwa na umri wa miaka 55. Ninachokiona ni kwamba alichokuwa akikijua hakikuhitaji chumba cha Giessen, hivyo kilisafiri naye. Kitabu chake kikubwa kuhusu historia ya ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Wagiriki na Warumi, alichokiandika kwa Kiingereza, kilitoka mwaka 1939, na kinatokana na wale wale waigizaji wa Dresden. Kuna ndugu zetu wengi wanaosoma Ulaya na Marekani wakishawishiwa kuacha mada ya nyumbani wachukue ya mfadhili. Wakiweza, wabaki na mada yao, wabadilishe lugha tu.

Mwaka 1955 alichapisha utafiti wake kuhusu uchongaji wa kipindi cha baada ya Aleksanda Mkuu, na mwaka 1977, akiwa anakaribia miaka 98, kikatoka kitabu kuhusu nakala ambazo Warumi walizichonga kutokana na sanamu za Kigiriki. Hapa ndipo uchunguzi wa nguo ulipolipa. Sanamu nyingi tunazoziita za Kigiriki ni nakala za Kirumi, na mchongaji aliyenakili vazi ambalo watu wake walikuwa hawalivai tena aliweza kulikosea, au kuliongezea mtindo wa zama zake. Anayejua jinsi vazi linavyofungwa huyaona makosa hayo.

Unaweza kuanza kujizoeza wiki hii. Tafuta picha nzuri ya sanamu yenye vazi, chagua mkunjo mmoja begani na uufuate kwa kidole mpaka uishe. Mkunjo wa kweli huishia kwenye mshipi, kwenye goti, kwenye pindo au chini ya mkunjo mwingine. Mkunjo ukipotea hewani, andika mahali ulipopotelea. Kisha chukua shuka la kitanda lililokwisha fuliwa mara nyingi, kwa sababu jipya huwa gumu na halianguki vizuri. Likunje juu ya kifua, libane kwa pini mbili mabegani, ufunge mshipi, halafu umwombe mtu akupige picha kwa mbele, ubavuni na mgongoni kabla hujasogea. Pini zichague imara, na uandike pembeni ya kila picha urefu wa shuka, upana wake, na umbali kutoka pini moja hadi nyingine.